Ulimi wa Bi Mwantumu

Tajiri Mbwambo alifika Muheza na kijimashine kinachomulika chungwa na kutaja utamu wake bila kulikata. "Matamu nanunua yote," aliwatangazia wakulima. "Machachu mtakula wenyewe."

Lakini mashine ilihitaji kufundishwa kwanza: imulike machungwa mia, kisha mtu ayaonje na kuiambia lipi tamu, lipi chachu. Mbwambo alikuwa na kisukari, hakuthubutu kuonja. Akamteua Bi Mwantumu, mkulima mzee asiyekosa swala, akamwapisha mbele ya watu.

"Wallahi, nitasema kile tu ulimi wangu utakachohisi," akaapa bibi. "Ila nisubiri kidogo, nikausafishe."

"Huo ndio uaminifu," akasema Mbwambo, akamsubiri.

Bibi akarudi, akaonja yote mia, mashine ikajifunza. Wiki ile ikayapitisha machungwa ya kijiji kizima, lori likaondoka limejaa pomoni.

Siku ya nne baada ya lori kuondoka, Mbwambo akarudi anahema. "Wateja wanayatema! Na uliapa, bibi!"

"Kiapo sikukivunja. Niliyoyaita matamu, ulimini mwangu yalikuwa matamu."

"Ulimi gani huo? Si uliusafisha?"

"Niliusafisha, baba. Kwa ndimu tatu. Baada ya hapo, hata chungwa bichi ni asali."