Turbo ya Bwana Mafuru

Bwana Mafuru alimfukuza mpangaji wake, fundi magari Sekidia: chombo kitakachobaki ndani ifikapo saa sita mchana, kimekuwa cha Mafuru. Na pikapu pekee pale mtaani ilikuwa yake huyohuyo.

"Ila kabla hujaondoka, tengeneza pikapu yangu. Turbo inavuja oili!"

Sekidia akachungulia injini. "Tajiri, uvujaji huu una haya. Haujionyeshi mpaka gari libebe mzigo, lipande mlima."

"Basi pakia, maneno ya nini?"

Sekidia na mkewe wakapakia vyombo vyao mpaka matairi yakanywea. Mafuru akaendesha mwenyewe, injini ikilia, hadi juu kilimani.

"Simama hapa!" Sekidia akakaza klipu moja iliyolegea kwenye bomba la oili. "Limepona."

Mkewe akafungua mlango wa nyumba iliyokuwa hapo kando. "Karibu kwetu, tajiri. Hebu shika kitanda upande huo."