Mstari wa Saba

Hadithi hii imepita mikono mingi kabla ya kufika kwako. Isome bila haraka, kisha mpelekee mmoja unayeona anaihitaji.

Palikuwa na mfalme aitwaye Mwinyikombo, aliyetawala miji minne. Mkewe alishikwa na homa siku ya Jumatatu, na Alhamisi wakamzika. Hakuwa mzee, wala hakuwa mgonjwa wa siku nyingi. Waganga walisema hili na lile. Mashehe walimwambia ni kazi ya Mungu. Mfalme aliwasikiliza wote, akawashukuru, na hakuridhika. Watu walimletea mashauri yao barazani, akawaitikia bila kuwaona. Kichwani mwake lilibaki swali moja tu: kwa nini?

Siku ya arobaini, baada ya sala ya adhuhuri, mgeni aliingia barazani. Bawabu hakumwona akipita. Njia ilikuwa na vumbi jekundu la kufika vifundoni, lakini kanzu ya mgeni ilikuwa nyeupe na miguu yake safi. Mkononi alishika ubao uliochorwa miraba.

"Nimesikia una swali, Mfalme," alisema. "Nimekuletea jibu."

Aliulaza ubao kwenye jamvi. Ulikuwa na mistari saba ya miraba mitupu, mingine imelala, mingine imesimama. Mistari ilipokatana, mraba mmoja ulitumikia maneno mawili, na herufi ya neno moja ikawa shahidi wa neno la pili.

"Kila mstari una fumbo lake," alisema mgeni. "La saba linauliza kwa nini mkeo alikufa. Lakini hatulifikii mpaka sita ya mwanzo yajazwe. Na jibu lisilo na maelezo halihesabiwi."

"Nikishindwa?"

"Kama watoto wanavyocheza. Utanipa mji, nami nitakueleza."

Mfalme alicheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Utotoni, kila aliposhindwa kitendawili, alikuwa ametoa Misri mara nyingi, na Misri ilikuwa bado ipo.

"Haya, tega."

"Ndugu watatu hawagombani. Mmoja akiondoka, nyumba inalala njaa."

"Mafiga," alisema mfalme. "Mawe matatu ya jikoni. Ukitoa moja, chungu hakikai."

Mgeni aliliandika neno kwenye mstari wa kwanza, herufi moja kwa kila mraba.

"La pili. Humpokea kila mgeni, naye hajawahi kuingia ndani."

"Bawabu," alisema mfalme haraka, akamtazama bawabu wake kwa jicho la shari.

Miraba ilikuwa sita, na neno bawabu lina herufi sita. Lakini mraba wa tatu ulikatana na mstari wa kwanza, na tayari ulikuwa na herufi A iliyotoka kwenye mafiga. Bawabu halikuenea. Mfalme alifikiri mpaka kivuli cha nguzo kikafika miguuni pake.

"Nimeshindwa. Nakupa mji wa Kingoje."

Mgeni alifumba macho. "Nilikwenda Kingoje. Nikakaribishwa, nikala, nikashiba, nikarudi." Alifumbua macho, akapangusa midomo kwa kidole. "Jibu ni mlango. Humpokea kila mgeni, lakini wenyewe hubaki pale pale."

Hakuwa ameinuka hata kidogo kwenye jamvi.

Kesho yake tarishi wa mfalme, Hatibu, alirudi kutoka Kingoje alikokuwa amepeleka barua. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na siku hiyo aliyatafuta.

"Bwana wangu, Kingoje milango yote iko wazi. Nimepiga hodi mpaka koo limekauka. Nimeingia kwa fundi cherehani, sindano imo kwenye kitambaa. Nimekwenda kwa muuza vitumbua, vimeungua upande mmoja, hakuna wa kuvigeuza."

"Wamekimbia?"

"Viatu viko vizingitini, bwana. Nani aliona mji mzima ukikimbia peku?"

Mwingine angemfunga mgeni yule, au angemfukuza. Lakini mfalme aliwaza hivi: mtu awezaye jambo kama hili hawezi kukosa kujua. Hofu yake yote ikageuka imani. Akamwita mgeni waendelee.

Safari hii binti yake, Saumu, aliketi naye. Msichana huyo alikuwa na akili ya mama yake. Alijibu fumbo la tatu na la nne, akayaeleza vizuri, na mgeni akayaandika majibu yake. La tano liliwashinda wote wawili.

"Nakupa Mtondoo."

"Baba!"

"Nyamaza, mwanangu. Tumekaribia."

Mgeni alifumba macho, akala, akashiba, akarudi. Saumu alimtazama sana. Mgeni hakuwa na jasho, ingawa jua lilikuwa kali na bawabu alikuwa amelowa mgongo mzima.

La sita liliwashinda pia, na mfalme akatoa Mirumba. Hatibu alitumwa kuitazama miji yote miwili. Aliporudi alisimama mlangoni, hakuingia.

"Mtondoo wanafunzi wameacha vitabu wazi, kila kitabu ukurasa ule ule. Mirumba kuna pembea ya watoto kwenye mti. Ilikuwa bado inakwenda, bwana, na upepo haukuwepo."

"Basi?"

"Mirumba ndiko kwa shemeji zangu. Kila nikipita hunitania kwa kipara changu. Jana nilivua kofia katikati ya soko, nikasubiri."

Mfalme alimwambia akapumzike. Hatibu aliinama, akaondoka.

Sasa ulibaki mstari mmoja, wa chini kabisa, na mji mmoja, Uvule, ambamo mfalme mwenyewe aliishi. Nje ya ukuta sauti za soko zilisikika: mwanamke anapunguza bei ya samaki, mwingine anamwambia hata angepewa bure asingewala.

"La saba," alisema mgeni. "Alikuwa mzima Jumapili. Alhamisi hakuwepo. Kwa nini?"

Mfalme alitafuta. Alijaza miraba kichwani kwa homa, kwa husuda, kwa ajali, kwa kosa lake mwenyewe la kuchelewa kumwita mganga. Mchana ukapita.

"Sijui," alisema mwishowe.

"Basi nipe mji."

"Umebaki Uvule tu. Na mimi nimo."

"Wewe ndiye mtoaji. Mtoaji hubaki." Mgeni aliiweka kalamu yake ya mkaa juu ya mraba wa kwanza. "Utakaa hapa na jibu lako. Hakuna atakayekusumbua."

Mfalme alifumba macho. Alimwona mkewe akigeuza uso kwenye mto, siku ile ya tatu, kama mtu anayetaka kusema jambo. Alitaka kujua kuliko alivyotaka kuishi.

"Naku…" alianza.

"Baba, ngoja."

Saumu hakuwa anamtazama baba yake. Alikuwa ameinamia ubao, kidole chake kikifuata miraba.

"Mstari huu haukatani na wowote," alisema. "Tazama. Ile sita inashikana. Huu umekaa peke yake."

"Kwa hiyo?"

"Bawabu, ulivyonisimulia, lilikataliwa kwa sababu ya herufi moja, Baba. Neno atakaloandika hapa tutalikataa kwa lipi? Lolote litaenea."

Mfalme aliutazama ubao. Kisha akamtazama mgeni, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba macho yale, yakiwa wazi, hayapepesi hata mara moja.

"Je, wewe unajua kwa nini alikufa?"

"Kanuni hainidai kujua, Mfalme. Inanidai neno linaloenea, na maelezo."

"Maelezo ya kweli?"

"Maelezo yanayoridhisha."

Nje, muuza samaki alimwita mteja wake arudi, bei imeshuka.

"Sijui kwa nini alikufa," alisema mfalme taratibu. "Na mji sikupi."

"Mstari utabaki wazi."

"Ubaki."

"Utaamka kila siku ukiwa nao."

"Nitaamka nao."

Mgeni alikunja kanzu yake, akainuka.

"Warudishe watu wangu," alisema mfalme.

"Sikuwachukua," alijibu mgeni kwa upole. "Ulinipa."

Alivuka ua na ubao wake kwapani, akatoka kwenye lango. Bawabu alikwenda kutazama njia. Vumbi lilikuwa laini kama unga, halikuwa na alama ya mguu.

Miji ile mitatu haikurudi. Mfalme aliijua hesabu ya nyumba za kila mji kwa moyo, na tangu siku hiyo hakuna aliyemsikia akijitetea.

Lakini jioni ile aligeuka akamwona binti yake. Alikuwa amekonda. Mabega yalitokeza chini ya kanga, na kucha zilikuwa zimetafunwa mpaka kwenye nyama. Mfalme hakujua hali hiyo ilianza lini.

"Mwanangu," alisema, "tangu tumzike mama yako sijakuuliza hali."

"Hujaniuliza, Baba."

"Hali yako?"

Saumu alifungua kinywa kumjibu, na machozi yakamtangulia. Baba yake akasogea, akaketi karibu naye, akangoja amalize.

Funzo: Si kila msiba una maelezo. Anayeshikilia kuelezwa kwa gharama yoyote huwatoa walio hai kwa ajili ya aliyekwisha kwenda, na anachopewa ni neno tu lililoenea mahali pake. Uache mstari huo wazi, ukawaulize hali waliobaki.