Mbuzi Wasio na Macho

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa ukuta!
— Ukuta una macho!
Kayaweka nani?
— Tuambie wewe!

Nawaambia mimi, maana mkimngoja mwingine mtaambiwa nusu. Sogeeni. Wewe wa nyuma, acha kujipapasa mfuko, jirani yako hakuibii. Au anakuibia? Haya, hadithi yenyewe ndiyo hiyo.

Hapo kale, katika nchi ya nyumba za tembe zenye paa bapa na vumbi jekundu, chini ya mwamba mkubwa, aliishi mtu jina lake Chiduo. Alikuwa na mke mmoja, mbuzi watatu na shaka mia. Ukimwuliza, "Umeamkaje?" anakujibu, "Kwa nini unauliza?" Akipewa chumvi, anaionja. Akipewa maji, anayanusa. Ukimsifia kofia, anaivua anaificha. Hata kivuli chake alikigeukia: "We, mbona unanifuata?"

Mbuzi wake aliwahesabu mara tatu kwa siku. Asubuhi: mmoja, wawili, watatu. Mchana: mmoja, wawili, watatu. Jioni: mmoja, wawili, watatu. Ni wale wale, na bado roho haitulii.

Mtu mmoja tu Chiduo hakumshuku: Madeje, rafiki yake wa ng'ambo ya korongo. Madeje alikuja kila siku, akavuta kigoda, akamnong'oneza, "Ndugu yangu Chiduo, watu si wazuri. Mimi sisemi kitu. Nasema tu." Chiduo akawaza: huyu ndiye mwenzangu, huyu ana macho.

Sasa kijiji kile kilikuwa na desturi. Mavuno yakiisha, kila nyumba ilichorwa upya ukuta wa mbele, ikachorwa mifugo ya mwenyewe. Mchoraji alikuwa mwanamke, Nyemo, mwenye vidole vyekundu hata akinawa. Kabla hajagusa ukuta wa mtu, alipanda kwanza mwambani. Huko kulikuwa na michoro ya watu wa kale: twiga, pofu yule swala mkubwa, na watu wembamba kama vijiti wakicheza ngoma, wote wekundu. Majina ya waliochora hakuna aliyeyajua. Nyemo alipiga hodi, akaamkia, "Shikamooni, wenye kazi," akakaa akaangalia. Kisha alishuka kuchanganya rangi zake: udongo mwekundu, udongo mweupe, masizi, na mafuta ya kondoo ya kuzishikiza. Alichorea kijiti kilichotafunwa ncha.

Na ndani ya desturi kulikuwa na desturi nyingine: jicho huwekwa mwisho. Mwenye nyumba akileta kibuyu cha togwa, mchoraji anakunywa, anaweka jicho, mnyama anaamka. Hakuna togwa, hakuna jicho. Mkono mtupu haulambwi. Mnacheka nini? Nyinyi mngechora bure?

Nyemo akafika kwa Chiduo. Hakuchora. Aliingia zizini akakaa. Akamwangalia beberu mweusi, sikio lake la kushoto lina pengo. Akamwangalia jike jeupe, pembe yake moja imepinda mbele. Akamwangalia jike jekundu, goti lake lina kovu kama punje ya mtama. Aliangalia mpaka jua likahama.

Chiduo akachungulia mlangoni, jasho linamtoka. "Mama Nyemo, unatafuta nini kwa mbuzi wangu?"

"Natafuta walivyo, baba."

"Walivyo si wako."

Nyemo akacheka, akatoka, akawachora ukutani wote watatu. Akabakiza macho. "Baba Chiduo, togwa."

"Togwa ya nini? Chora kwanza macho tuone."

"Basi wakae hivyo." Akakusanya vyungu vyake, akaenda.

Kesho yake Chiduo akahesabu: mmoja, wawili... Beberu mweusi hayupo! Madeje akaja, akautazama ukuta, akaguna. "Aliyechorwa kapotea. Mimi sisemi kitu. Nasema tu."

Siku ya pili akahesabu: mmoja... Jike jeupe halipo! Madeje akaguna tena. "Aliyechorwa kapotea. Mimi sisemi kitu. Nasema tu."

Siku ya tatu hakuhesabu. Ahesabu nini, kamba? Na Madeje safari hii alisema. "Yule mama anawafungia ukutani. Halafu hawana macho, watarudije? Uchawi wake unatoka kule mwambani. Ukwanguliwe mwamba, naye afukuzwe."

Chiduo akapiga yowe, kijiji kizima kikajaa uani kwake, na mtemi akaja. Mmh, shaka inaambukiza kuliko upele! Waliokuwa jana wakijisifia kuta zao, leo wanazitazama kwa pembeni. Mmoja keshaanza kumkwangua ng'ombe wake kwa jembe.

"Mtemi," Chiduo akasema, "huyu mama kala mbuzi wangu kwa kijiti!"

"Nyemo, una la kusema?" mtemi akauliza.

Nyemo aliwatazama watu. Mawe ya kukwangulia walikuwa nayo mikononi. Kazi ya wazee ambayo mvua hazijaifuta, leo ifutwe kwa asubuhi moja? Akavuta pumzi.

"Mtemi, mbuzi hawa hawana macho ndiyo maana hawajarudi. Nipeni togwa niyaweke. Wasiporudi, nitashika jiwe la kukwangulia mimi mwenyewe. Lakini jicho halichorwi kwa kukumbuka. Kila mwenye mbuzi apitishe mbuzi wake mbele ya ukuta huu, niangalie."

Watu wakaswaga mbuzi. Mke wa Chiduo akaleta kibuyu bila kumwuliza mumewe, maana angemwuliza tungekuwa bado tunangoja. Mbuzi wakapita, wakapita, wakapita.

"Wa Madeje wako wapi?" Nyemo akauliza.

"Wangu wagonjwa," Madeje akajibu haraka.

Chiduo akamshika mkono. "Ndugu yangu, usiogope! Walete, tumuumbue mchawi huyu!" Akakimbia ng'ambo ya korongo mwenyewe, akawafungua mwenyewe, akawaburuta mwenyewe. Watatu: mmoja mweupe, mmoja mweusi, na mmoja mwenye mabaka.

"Nimepewa na mjomba," Madeje akasema. Hakuna aliyemwuliza.

Nyemo alikaa tu, akaangalia ukuta, akaangalia mbuzi. Chiduo naye, kwa kumshuku, akayafuata macho yake. Ukutani: sikio la kushoto lina pengo. Akamgeukia yule mweupe: sikio la kushoto, pengo. Ukutani: pembe imepinda mbele. Yule mweusi: pembe, imepinda mbele. Ukutani: kovu gotini. Akainama kwa yule wa mabaka: goti, kovu. Mbuzi hawa amewahesabu miaka. Amewahesabu, hajapata kuwaangalia.

Akakipokonya kibuyu, akamwaga togwa mgongoni kwa yule mweupe, akasugua. Weupe ukachuruzika mpaka kwato. Chini yake beberu mweusi, anajilamba! Akasugua wa pili, masizi yakatoka, jike jeupe hilo. Akasugua wa tatu, mabaka yakayeyuka, jike jekundu likamlilia: meee!

"Udongo huu ni wa chungu changu," Nyemo akasema, akinusa kiganja. "Ila aliyeiba aliiba rangi, hakuiba kazi. Hakutia mafuta." Akaonyesha kidole juu mwambani. "Wale mvua zimewanyeshea tangu babu wa babu zetu, hawajatoka. Hii, kibuyu kimoja tu."

Mtemi akamgeukia Madeje. "Sema basi. Si husemi kitu, unasema tu?"

Madeje akatazama korongo, akatazama mawe mikononi mwa watu, akaketi chini vumbini. Akahukumiwa kumsagia Nyemo udongo mavuno saba. Na akisaga vibaya, anarudia.

Watu wakayaangusha mawe yao taratibu, kila mmoja akijifanya hakuwa nalo. Kikulacho ki nguoni mwako, na Chiduo nguo hiyo alikuwa akiikaribisha kigodani kila siku! Akabaki ameinamisha kichwa, togwa inamdondoka mikononi.

"Mama Nyemo, nisamehe. Waweke macho mbuzi wangu."

"Togwa umeimwaga, baba."

Kesho yake Chiduo alikuja na vibuyu viwili. Kimoja akampa Nyemo, wala hakukionja kwanza. Cha pili akapanda nacho mwambani, akapiga hodi, akawamiminia wale wasiojulikana majina, akakaa. Aliporudi jua lilikuwa limehama.

Akakuta ukutani mbuzi watatu wana macho. Na kando yao, mtu mpya mwenye kofia, ameshika kamba: Chiduo mwenyewe! Nyemo alikuwa anamalizia jicho lake la pili. Akapuliza likauke, akaondoka.

Chiduo akasogea. Akayahesabu macho yake ya ukutani: moja, mawili. Akaanza tena: moja, mawili. Alipotaka kurudia mara ya tatu, akaacha. Akayaangalia.

Ngano yangu nimeibandika ukutani, nimeitia mafuta. Imekupendeza, iangalie. Haikukupendeza, ikwangue kwa kucha zako, tuone kitakachoisha kwanza!