Ua Moja, Miguu Miwili

Hii nimeletewa na wifi yangu. Anasema alianza kuisoma amesimama jikoni, akaishia kuvuta kigoda. Wewe isome umekaa na miguu umeinyoosha. Ukimaliza mpelekee mama yako, dada yako, na yule shoga yako ambaye kila kitu kwake "si kitu".

Mjini Tanga palikuwa na fundi wa hina akiitwa Bi Salha. Alikuwa na desturi mbili, na mji mzima ulizijua.

Ya kwanza, alichokiona kwenye mkeka kilibaki mkekani. Wanawake wa mtaa ule miguu yao hufunikwa siku zote, ila mbele ya fundi wa hina nguo hupanda mpaka magotini. Akiona kovu, hakuliona. Ya pili, hakurudia ua moja kwa watu wawili wa nyumba moja. "Kila mtu na lake," alikuwa akisema, na ukimwomba arudie anakununia mwezi mzima.

Alhamisi moja asubuhi akaitwa kwa Bi Mwanahija, mjane aliyekuwa mpiga pasi. Kanzu zote za mtaa zilipita mikononi mwake. Pasi ya mkaa, meza ndefu, na yeye kasimama palepale tangu alfajiri mpaka adhuhuri, miaka ishirini na miwili. Kwa pasi hiyo alimlea binti yake wa pekee, Shufaa, na kesho yake Shufaa alikuwa anaolewa.

"Anza na mimi kabla wageni hawajaja," Bi Mwanahija alisema. Akafunga mlango, akapandisha kanga.

Nyuma ya mguu wa kushoto, kwenye shavu la mguu, mishipa ilikuwa imetuna na kujikunja, buluu tupu. Chini yake, karibu na kifundo, ngozi ilishaanza kuwa nyeusi.

"Nizibie hapa. Ua kubwa. Na utie piko, ile rangi nyeusi, maana hina haitafunika."

"Piko kwenye mguu unaowasha sitii."

Bi Mwanahija alishtuka. "Nani kakwambia unawasha?"

"Alama za kucha hizi hapa. Jioni miguu inakuwa mizito, eeh?"

"Kama nimefungwa vifuko vya mchanga."

"Asubuhi viatu vinaingia, jioni vinabana?"

"Wee Salha! Umekuja kunipaka hina au kunipigia ramli?"

Bi Salha hakucheka. Mama yake mzazi alianza hivyohivyo, akaficha, mpaka pakatoka kidonda juu ya kifundo kilichochukua miaka miwili kupona.

"Mwanahija, nenda hospitali. Huu si uzee wala si jicho la mtu. Ni mishipa inashindwa kurudisha damu juu. Watu wanatibiwa."

"Nitakwenda harusi ikipita." Kisha akamshika mkono. "Lakini Shufaa asijue. Akijua hataondoka hapa. Ataacha kwenda Pangani kwa mumewe, abaki anipigie pasi. Niapie."

"Desturi yangu unaijua," Bi Salha akamjibu.

Akamchorea ua la mlangilangi kwa hina tupu, petali ndefu zikiteremka kufuata mishipa. Kifundoni hakupagusa.

Alasiri ikafika zamu ya bibi harusi. Nyumba ilikuwa imejaa, na shangazi mtu, Bi Hadiya, ndiye aliyeshika usukani wa maneno.

"Bi Salha, mimi niishie kifundoni tu," Shufaa alisema kwa sauti ya chini.

"Kifundoni!" shangazi akamaka. "Unaolewa au unakwenda kufua? Hina ya bibi harusi mpaka gotini! Au huyo wa Pangani anaoa nusu mguu?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Shufaa hakucheka, na Bi Salha aliyaona macho yake yakijaa maji.

"Haya, tokeni nyote," alisema. "Mnanizibia mwanga."

Walipobaki wawili, Shufaa alipandisha dera. Kwenye shavu la mguu wa kushoto, kwa nyuma, palikuwa na nyuzi nyembamba za buluu na zambarau zilizotawanyika kama utando wa buibui, na mshipa mmoja uliokuwa ndiyo kwanza unainuka. Mtu mwenye haraka asingeona chochote. Shufaa alikuwa akipiga pasi kando ya mama yake tangu ana miaka kumi na minne.

"Jioni inakuwaje?" Bi Salha aliuliza.

"Inajaa kidogo. Nikilala inaisha. Siku nyingine msuli unanibana mpaka naruka kitandani." Akafuta machozi kwa mtandio. "Usimwambie mama, nakuomba. Atasema ni pasi yake ndiyo iliyoniharibu. Hatakuwa na raha tena."

Bi Salha aliweka kijiti cha hina chini. Asubuhi alimpa neno mama, sasa anaombwa na mwana. Akisema, amewasaliti wote wawili. Akinyamaza, mguu huu utakwenda Pangani na kufichwa mpaka uwe kama ule. Moyo ulimuuma, kwa sababu aliwapenda wote.

Shufaa akamwambia, "Bi Salha, hina inakauka."

Akachukua kijiti, akachora ua juu ya zile nyuzi.

Ijumaa asubuhi hina ilishaoshwa, na kina mama walikaa ukumbini kutazama. Bi Mwanahija alikuwa ameshasifiwa la kwake. Shangazi akapandisha dera la Shufaa, vigelegele vikapigwa, kisha akainua mkono.

"Ngojeni kwanza. Hili ua si nimeliona sasa hivi kwa wifi yangu? Mguu uleule wa kushoto, mahali palepale! Salha, leo umeishiwa maua?"

"Sijaishiwa." Bi Salha alikuwa akikunja mkeka wake. "Kila ua nimeliweka palipoomba ua. Zaidi ya hapo sina la kusema."

Wengine hawakuelewa. Bi Mwanahija alielewa. Aliinuka, akapiga magoti nyuma ya mwanawe, akapitisha kidole juu ya petali. Chini ya hina akaziona zile nyuzi. Alizijua. Zilimtoka yeye mwenyewe zamani, akashusha kanga na kuendelea kupiga pasi.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Mwaka jana." Shufaa naye alikuwa ameinama kuutazama mguu wa mama yake. "Na wewe?"

"Ulikuwa darasa la kwanza."

"Miaka yote hiyo, mama! Na hukusema!"

"Wewe umesema? Umejifunza kwa nani kunyamaza?"

Swali lilipomtoka ndipo alipolisikia mwenyewe. Akamkumbatia mwanawe, wakalia na kucheka kwa pamoja.

"Nimekupa vitu vitatu bila kukusudia," Bi Mwanahija alisema. "Pasi, miguu ya ukoo wetu, na kuficha. Pasi utaiacha hapa. Miguu ndiyo hiyo, siwezi kukubadilishia. Lakini kuficha nirudishie leo hii, mwanangu."

 Kisha shangazi Hadiya akapenga kamasi, akavuta gauni lake juu kidogo. "Jamani, na mimi jioni inajaa. Nilidhani ni unene." Jirani mmoja naye akasema lake, na mwingine.

Harusi ilifungwa. Jumatatu walikwenda hospitali wanawake watano wenye hina miguuni, na bwana harusi kabeba mkoba. Muuguzi akauliza kama wamekosea njia ya harusi.

Shufaa aliambiwa amewahi: atembee, asisimame sehemu moja kwa muda mrefu, akipumzika ainue miguu, na akapewa soksi maalumu za kubana. Mama yake alianza matibabu, nayo yalikuwa marefu. Aliyamaliza yote, na Shufaa alikuja kutoka Pangani kila tarehe ya kliniki kukaa naye kwenye foleni.

Funzo: Mguu unaokuwa mzito kila jioni, unaojaa na kupungua asubuhi, unaowasha na kuonyesha nyuzi za buluu, unakuambia mapema, usione aibu, sema na ukamwone daktari, kwa maana unachokificha ndicho unachomfundisha mwanao kuficha.