Sinia ya Biriani na Sheria Tatu za Sultani Ghanimu

Katika mji wa Yakuta, wenye kuta za marijani na milango ya shaba, alitawala Sultani Ghanimu bin Zahrani, naye alikuwa na majeshi matatu: wapanda farasi, mabaharia, na majini waliofungwa kwa kiapo kumtumikia, na kila jeshi lilikuwa na amiri wake na sheria yake.

Siku moja adhuhuri, askari watatu waliokuwa zamu mlangoni mwa jiko, Sarahani mpanda farasi, Mbaruku baharia na Kirfati jini, walishindwa na harufu ya biriani ya wageni wa Sultani, wakala nusu ya sinia. Wakahukumiwa, kila mmoja kwa sheria ya jeshi lake: Sarahani anyolewe ndevu, Mbaruku akatwe mkono, na Kirfati atiwe ndani ya chupa miaka elfu.

Bishara binti Tawakali, karani wa mahakama, akasujudu mbele ya Sultani. "Ewe maulana, sinia ni moja na kosa ni moja. Vipi adhabu ziwe tatu?"

"Miaka elfu kwetu ni usingizi wa mchana," akasema amiri wa majini.

"Mwongo!" akalia Kirfati. "Mjomba wangu alitoka humo hajui hata jina lake!"

Bishara akaagiza sinia iletwe. "Maamiri watukufu, ushahidi haujathibitishwa. Nani ajuaye kama hii ndiyo biriani yenyewe?"

Amiri wa farasi akaonja, na wenzake wakaonja, wakaongeza tonge ili kuondoa shaka, na tena, hata sinia ikabaki tupu.

"Maulana," akasema Bishara, "hawa nao wamekula chakula chako bila idhini. Naomba wa farasi ahukumiwe kwa sheria ya bahari, wa bahari kwa ya majini, na wa majini kwa ya farasi."

Amiri wa majini akazishika ndevu zake, maana bila hizo hawezi kuruka. "Wewe ndiye uliyetuamuru tuonje!"

"Mimi karani tu, bwana. Nitawaamuruje maamiri?"

Maamiri wakaomba adhabu moja kwa wote, na kabla ya alasiri sheria moja ikatiwa muhuri: alaye kisicho chake, awe wa jeshi lolote na cheo chochote, aoshe masufuria ya jumba siku arobaini. Wakaosha wote sita, askari na maamiri, na amiri wa majini akilalamikia masizi.

Sultani akamfanya Bishara kadhi wa majeshi yote, akampa kasha la lulu. Na Mbaruku akamposa, akakubaliwa. Siku ya harusi Sultani akapita kati ya askari, akachukua sambusa katika sahani ya baharia, akaitafuna. Bibi harusi akamtazama.

Sultani akavua kilemba, akakunja mikono ya joho, akauliza kumbi la nazi la kusugulia masufuria linawekwa wapi. Na tangu hapo watu wa Yakuta wakajua kwamba sheria imekuwa moja kweli.