Mbwa Waliyemgawana

Mume na mke walikuwa na mbuzi wazuri na uzio mbovu. Mume aliitwa Sengondo, mke Naetwe. Mbuzi walikuwa wa Naetwe. Wote walitokana na jike mmoja aliyeachiwa na marehemu mama yake, na maziwa yao ndiyo yaliyowakuza watoto wa nyumba ile. Uzio ulikuwa wa minyaa, na upande wa korongoni minyaa ilikuwa imekauka na kuacha mwanya ambao fisi aliujua vizuri kuliko wenye nyumba. Msiniulize kwa nini hawakuuziba. Mume alisema mbuzi ni wa mke, basi mwenye mali aangalie mali yake. Mke alisema uzio ni kazi ya mwanamume. Wote wawili walikuwa na hoja, na fisi alikuwa na mwanya.

Fisi alipomchukua beberu, waliafikiana jambo moja: watafute mbwa.

Mlimani juu yao aliishi jirani mjane, Nambike. Alikuwa na mbwa jike wa kawaida, wale tunaowaita koko kana kwamba ni tusi. Mbwa yule alikuwa mdogo wa umbo, masikio yamelala, lakini alilala na mbuzi na kuamka na mbuzi, na Nambike hakuwahi kupoteza hata mwanambuzi. Mwaka ule jike yule alizaa na dume la meneja wa shamba la mkonge kule bondeni, mbwa mkubwa wa kizungu mwenye masikio yaliyosimama, aliyeruka ukuta wa bosi wake bila kumwomba mtu ruhusa. Watoto walitoka mchanganyiko, huyu ana miguu ya baba na mkia wa mama, yule ana manyoya ya baba na pua ya mama. Habari ikaenea, na watu wakaanza kupanda mlima kwenda kuchagua.

Sengondo alichagua kama wanaume wa kule wanavyochagua. Alimwinua kila mtoto kwa ngozi ya shingo, kwa maana asiyelia ndiye jasiri. Akampanua mdomo kutazama kaakaa, kwa maana likiwa jeusi mbwa atakuwa mkali. Naetwe alichagua kama mama yake alivyokuwa akichagua. Aliketi chini, akamimina maziwa kidogo kwenye kiganja, akatazama ni yupi anayekunywa bila kumsukuma mwenzake. Kila mmoja alidhani mwenzake anapoteza muda. Kisha, kwa bahati mbaya, wakamchagua mtoto yule yule.

Nasema bahati mbaya, na najua mnashangaa. Laiti wangechagua wawili tofauti, wangegombana pale pale mbele ya Nambike, naye angewauliza wanataka mbwa wa kazi gani. Lakini mikono yao ilikutana juu ya mgongo wa mtoto mmoja. Wakacheka, wakadhani wamekubaliana. Mtoto yule sikio lake moja lilikuwa limesimama na la pili limelala. Sengondo aliliona lililosimama. Naetwe aliliona lililolala. Wakampa Nambike debe la mahindi, kwa kuwa watu wa kule husema mbwa wa bure hakai, wakateremka naye nyumbani wakiwa na furaha, na njia nzima hakuna aliyemwambia mwenzake alichokiona.

Kule ipo desturi ya kumfanya mbwa awe mkali. Hufungiwa tangu asubuhi hadi jioni katika banda lisilo na upenyo, asizoee watu wala wanyama, na chakula chake hutiwa pilipili. Sengondo aliyafanya yote hayo kwa bidii. Alimpa mbwa jina la Kamanda. Aliamini kwamba damu ya baba isipotetewa mapema humezwa na damu ya mama. Kila asubuhi alifunga banda, akavaa mabuti yake, akaenda kwenye shamba lake la tangawizi.

Naetwe alingoja mpaka mgongo wa mumewe upotelee migombani, akalifungua banda. Yeye alimpa mbwa jina la Tulia. Alimsafisha pilipili mdomoni kwa maziwa mgando, akamtoa malishoni pamoja na mbuzi, na kila alipombwekea mpita njia akamchapa kofi la pua, kwa kuwa alitaka mbwa mpole. Jioni, kabla mumewe hajarudi, alimrudisha bandani na kusukuma komeo. Hakuona kwamba anamdanganya mumewe. Aliona kwamba anamwokoa mbwa.

Mbwa naye alijifunza, maana mtoto hujifunza hata kile ambacho hakuna aliyekusudia kumfundisha. Alijifunza nyayo. Mabuti ya Sengondo yalipoanza kusikika kwenye changarawe, aliacha alichokuwa akifanya, akakimbia mwenyewe hadi bandani, akaketi na kuutazama ukuta. Naetwe alifurahi. Alisema mbwa huyu ana akili.

Jumapili moja, baada ya ibada, Kajiru, mdogo wake Sengondo, alikuja kuwatembelea. Sengondo akamtoa mbwa kwa kamba ili amwonyeshe. Mbwa akalala chini, akajikojolea.

"Kaka," Kajiru akasema, "huyu sikio moja ni askari, sikio moja ni mpishi. Siku ya vita atakupikia."

"Huo ni upande wa mama yake," Sengondo akajibu. "Koko ni koko tu."

Naetwe alikuwa jikoni, na jiko lilikuwa karibu. "Na juzi ulipomfungulia akamng'ata mwanambuzi, baba watoto, ule nao ulikuwa ukoko? Au ndio uzungu wenyewe?"

"Shemeji," Kajiru akasema, "mimi nimekuja kunywa chai."

Hivyo ndivyo walivyoishi naye. Akiwa mwoga, ni wa mama. Akiwa mkorofi, ni wa baba. Siku aliyokaa mlangoni kwa utulivu na kumtazama mtoto mchanga wa jirani akitambaa, kila mmoja alidai kwamba hayo ni malezi yake. Sijui nilieleze jambo hili kwa upole gani zaidi. Watu wale hawakuwa wabaya. Hawakumnyima chakula wala hawakumtupa jalalani. Kila mmoja wao alifanya kazi kubwa kila siku, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kufuta kazi ya mwenzake.

Ikafika jioni moja ya mawingu. Sengondo aliona mvua inakuja, akarudi mapema kutoka shambani. Naetwe alikuwa ndiyo kwanza anawaingiza mbuzi, na mbwa yuko nyuma yao. Aliyetangulia zizini alikuwa jike mzee kuliko wote, mwenye mimba, binti wa yule jike wa mama yake Naetwe. Fisi akatokea korongoni, akapita kwenye mwanya, akamkamata jike yule kwa paja.

Hadi siku ile hawakuwahi kumwita mbwa kwa wakati mmoja.

"Kamanda, kamata," Sengondo akapaza sauti, akaanza kukimbia.

"Tulia, rudisha mbuzi," Naetwe akapaza sauti.

Sengondo akasimama. Hakumgeukia fisi. Alimgeukia mkewe. "Tulia ni nani?" akauliza.

Mbwa alikuwa amesikia majina mawili, na mabuti. Alitazama huku, akatazama kule, kisha akafanya jambo pekee ambalo nyumba nzima ilikuwa imemfundisha kwa ukamilifu. Alikimbia bandani, akaketi, akautazama ukuta. Hakubweka hata mara moja. Mbuzi alilia mpaka korongoni, na mvua ikaanza kunyesha, na mume na mke wakabaki uani wakiulizana nani alianza.

Waligombana siku kadhaa. Yakatoka yote: komeo, pilipili, maziwa mgando, makofi ya pua. Mngedhani kwamba baada ya kuyatoa yote wangeyaona. Badala yake wakakubaliana kwa mara ya pili tangu fisi aanze kuwaibia: walikubaliana kwamba mbwa ni mbovu. Wakamfunga kamba, wakapanda naye mlima.

Nambike alikuwa anapukuchua maharage. Jike lake lilikuwa limelala katikati ya mbuzi, na lilipowaona wageni lilibweka mpaka mwenyewe akaliambia inatosha.

"Mama," Sengondo akasema, "huyu mbwa wako amechanganyika vibaya. Tubadilishie."

"Ndiyo, mama," Naetwe akasema. "Tupe aliyefanana na mama yake."

"Dume," Sengondo akasema.

"Nimesema aliyefanana na mama yake."

Nambike aliweka ungo chini. Alimnyooshea mbwa mkono. Mbwa alitaka kuja, ilionekana kwamba anataka, lakini kwanza alitazama miguu ya Sengondo, kisha akatazama uso wa Naetwe, kisha akabaki pale pale alipokuwa. Yule bibi akasogea yeye, akafungua kamba, akaikunja vizuri na kumrudishia Sengondo.

"Niliwapa mbwa mmoja mzima," akasema. "Ninyi mmemgawana, na nusu ya mbwa haibweki."

Hakuwapa mwingine, ingawa bado alikuwa nao. Walimwacha mbwa kwake, wakateremka, mmoja mbele na mwingine nyuma. Fisi aliendelea kuja. Alikuja mpaka zizi lililoanzia kwa mbuzi mmoja wa mama yake Naetwe likawa mahali pa kuanikia tangawizi, na kila anayepita akiuliza, mume husema walipewa mbwa koko, na mke husema walipewa mbwa wa kizungu.

Nimewasimulia haya kwa sababu ninyi wazazi mnakuja kwangu mmoja mmoja, mwenzenu akiwa hayupo, kunieleza kwamba uvivu wa mtoto umetoka kwa ukoo wa mama, na ukaidi umetoka kwa ukoo wa baba, na kwamba ninyi mnajitahidi sana ila mwenzenu anaharibu. Nawasikiliza. Naamini kwamba mnajitahidi. Lakini Sengondo na Naetwe walikuwa na Nambike. Ninyi, mtoto wenu mtamrudisha kwa nani?