Funda la Kwanza ni la Kinywa

"Funda la kwanza ni la kinywa." Methali hii ilianza hivi, wajukuu zangu, na ilianzia kinywani mwangu mimi bibi yenu, kwa hiyo hamna haja ya kumfuata Padri aliyeitamka leo kwenye mahubiri. Yeye aliisikia kwa watu. Mimi niliinywa.

Na kabla hamjaniambia kwamba ni ndugu yake "haraka haraka haina baraka," ngojeni. Siku ile sikuwa na haraka hata kidogo. Nilikuwa nimekalishwa kwenye kiti cha heshima, nimenyoosha miguu, nimeshiba. Na hata hivyo nilikosea.

Wakati huo nilikuwa mwonjaji wa kiwanda kidogo cha mvinyo nje ya mji wa Dodoma. Watu walidhani kazi yangu ni kulewa mchana kwa ruhusa. Wapi! Mwonjaji huonja, huzungusha mdomoni, hutema, kisha husema. Na nikishasema mimi Leokadia, hata mwenye kiwanda hakubishana nami. Nilikuwa na ulimi mzuri, na kwa bahati mbaya nilijua kwamba ninao.

Katika kijiji cha Chibwela waliishi wazee wawili, Mzee Elieza na mkewe Bi Damari. Walikuwa na shamba la zabibu nyeupe walilolipanda mwaka waliooana, zaidi ya miaka hamsini nyuma. Siku hizi mizabibu mingi hubebeshwa: unachukua tawi la zabibu nzuri, unaliunga juu ya shina la aina nyingine lenye mizizi sugu. Wao hawakuyajua hayo. Walikata vipande vya matawi wakavichomeka ardhini kama unavyochomeka muhogo, na Bi Damari akavinyweshea maji ya kubeba kichwani, viangazi viwili mfululizo. Kila shina likasimama kwa mizizi yake lenyewe. Nilipoyaona mimi, mashina yalikuwa yamejipinda, manene kama paja, na yalizaa vichala vichache tena vidogo.

Bi Damari aliyapenda kama watu. Kila asubuhi alipita katikati ya mistari akiyasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi, mbukwenyi," huku na huku, kama mtu anayeingia msibani. Mumewe alimtania, "Siku yatakayokuitikia, mimi nahama."

Lakini aliyekuwa akililima shamba ni mtoto wao, Nehemia, mwenye mke na watoto watano. Nehemia alitaka kuyang'oa. Miche mipya ya kubebesha ilikuwa imeshafika, imepangwa barazani kwenye viriba vyeusi vya plastiki, na mvua zilikuwa karibu.

"Mama," alimwambia, "shamba halilishi watoto kwa sababu linapendwa."

Msimwone mbaya. Alikuwa kijana mwema aliyechoka.

Mzee Elieza akaomba jambo moja tu. Kiwanda chetu kilikuwa kimezikamua zabibu zake za msimu uliopita peke yazo, kwenye pipa dogo. "Uonjwe kwanza," alisema. "Mwonjaji akisema mvinyo huu unastahili chupa yake wenyewe, kiwanda kitazichukua zabibu zetu kila mwaka kwa bei nzuri, na mashina yatabaki. Akisema haufai, ng'oa. Sitafungua mdomo wangu tena." Nehemia akakubali. Wakaomba nije kuonja pale pale kwao.

Nilifika asubuhi na chupa niliyoijaza kutoka pipa lile, na glasi yangu. Bi Damari alinipokea kwa mikono miwili, akanikalisha, akaniletea chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Kisha akaja na kibakuli cha asali mbichi, masega na yote, akapiga magoti mbele yangu.

"Kula, binti yangu. Umetoka mbali."

Mwonjaji hali kitu kitamu kabla ya kuonja. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza kabisa, nilifundishwa siku ya kwanza kazini. Lakini niambieni nyinyi, mama wa umri ule amekupigia magoti na asali yake mikononi, mngemwambia nini? Nikala. Akaniongeza. Nikala tena. Kisha nikasukutua kwa maji, nikajiambia yatosha.

Nikamimina mvinyo. Ulikuwa na rangi ya majani makavu. Mzee Elieza alikuwa amevua kofia yake, ameishika magotini. Nikapiga funda moja, na uso ukanikunjamana wenyewe.

"Mkali," nikasema. "Ni uchachu mtupu. Hauna kitu ndani."

Mzee Elieza aliitazama kofia yake, basi. Nehemia naye hakufurahi, nataka mlijue hilo. Alisema tu, "Tumesikia," akachukua sululu iliyokuwa ukutani akaenda shambani.

Bi Damari alibaki amesimama na sinia. Akaniuliza polepole, "Mkali kama nini, binti yangu?"

"Kama ndimu, mama."

Akakitazama kile kibakuli cha asali. Akanitazama mimi. "Hata chungwa ukilila baada ya asali ni ndimu," alisema. "Ni mimi niliyekuharibia kinywa."

Nilitamani ardhi inimeze. "Hapana, mama. Mimi nilijua. Nilijua kabla sijala, ila niliona haya kukukatalia."

"Kwa hiyo," alisema, "heshima yangu na heshima yako ndizo zinazoning'olea shamba?"

Aliingia jikoni, akarudi na kiporo cha ugali wa mtama, baridi, bila mboga. "Tafuna." Nikatafuna. Akanipa maji. "Tafuna tena." Kutoka shambani tulisikia sululu ikipiga, ikinyamaza, ikipiga tena. Nikainuka kwenye kiti.

"Nikamwite asimame kwanza?"

"Ukimwita utamwambia nini? Umeshasema mara moja, na alikusikia. Safari hii uende na neno la kweli." Nikanyoosha mkono kuichukua glasi, akanishika kifundo cha mkono. "Bado. Ngoja kinywa kirudi."

Tukangoja karibu saa nzima. Sijawahi kungoja vile, hata nilipokuwa leba nikimzaa mama yenu. Sululu ilikuwa ikipiga, na yule mama alikuwa akiisikia kila ilipopiga, na bado alinishika mkono.

Aliponiachia, nikapiga funda la pili.

Kwanza ilikuja harufu ya mvua ya mwanzo inapopiga vumbi. Kisha ganda la ndimu changa, ganda tu, si maji yake. Kisha chumvi kwa mbali, ile ya jasho kwenye mdomo wa juu. Nilingoja ladha iondoke, haikuondoka. Iliendelea tu, imetulia, kama mzee anayeongea bila kuinua sauti. Sikuutema, Mungu anisamehe, na kazi yangu ilikuwa kutema. Niliumeza, na machozi yakanitoka. Nilimpenda yule mama kuliko nilivyowahi kumpenda mtu nisiye na undugu naye, na nilijichukia.

Hakusubiri niseme. Aliuona uso wangu, akaichukua glasi na chupa, akaenda shambani karibu akikimbia. Nikamfuata.

Nehemia alikuwa ameshang'oa mashina matatu. Yamelala pembeni, mizizi juu. Kwenye la nne alikuwa amesimama ndani ya shimo lililomfika magotini, akifuata mzizi mmoja uliokuwa ukishuka bado, na hakuuona mwisho wake.

"Kunywa," mama yake akamwambia.

Akaubugia kama maji. Uso umejaa vumbi, midomo imekauka. "Mama, ni mchungu."

"Hilo ni vumbi lako, mwanangu. Funda la kwanza ni la kinywa. La pili ndilo la mvinyo."

Akamwita mjukuu wake alete maji. Nehemia akasukutua, akatema, akasukutua tena. Akanywa funda la pili, kidogo. Hakusema ni tamu, hakusema samahani. Aliiweka glasi ukingoni, akainama, akaanza kuurudishia udongo ule mzizi kwa viganja vyake. Mzee Elieza, ambaye alikuwa ametufuata taratibu, akapiga magoti upande wa pili akamsaidia.

Mvinyo ule ukapata chupa yake, na shina la nne likapona. Miche ya viriba Nehemia aliipanda upande wa pili wa njia, ikastawi, watoto wakala. Mtu akipita Chibwela leo atayaona mashamba yote mawili.

Lakini yale mashina matatu hayakupona. Tuliyafukia, tukayanyweshea, Nehemia akayajengea kivuli cha mabua, na bado yakakauka. Miaka yote aliyobakiza duniani, Bi Damari alipokuwa akisalimia mistari yake alisimama kidogo mbele ya nafasi zile tatu tupu, akazisalimia nazo, kisha akaendelea. Hakunilaumu hata siku moja. Kila nilipokwenda alinipokea kwa mikono miwili, na kibakuli chenye maji matupu.

Kwa hiyo mtu akiwa mkali kwenu siku ya kwanza, msianze kwa kuuliza yeye ana nini. Jiulizeni nyinyi mmetoka kula nini. Mimi sikujiuliza, na matatu yakafa yakiwa hayana kosa. Funda la kwanza, wajukuu zangu, ni la kinywa.